Neno la Siri

Kama kuna kitu Milembe alikuwa amekichoka katika miaka yake yote kumi na minane, ni kuitwa Dokta. Hajawahi kumpima mtu homa. Hajawahi kufunga kidonda zaidi ya kile cha kidole chake mwenyewe, na hicho alikifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Lakini pale kijijini kwao, nje kidogo ya Dutwa, tangu yuko darasa la pili hakupita njia bila mtu kumpungia mkono na kuuliza, "Dokta, mhola?" Naye ilibidi ajibu mhola, salama tu, kwa sababu ukiacha salamu ya mtu mzima Usukumani utasemwa mpaka kwa wajomba zako.

Aliyeanzisha ni baba yake, Mayige. Huyo ni mtu mwenye ng'ombe kumi na mmoja, ekari sita za pamba na kichwa kigumu kuliko cha dume lake la kulimia. Akishasema kitu kimesemwa. Alimtangazia kila mtu kwamba nyumba yake inakuza daktari: kigangoni baada ya misa, gulioni, hata msibani watu wakiwa wamekaa na majonzi yao. Wengine walikuwa wanakuja na vikohozi vyao kumuuliza mtoto wa miaka tisa wanywe nini. Milembe alikuwa anawaambia wanywe maji.

Lakini Dokta ilikuwa afadhali, ni jina la kucheka likapita. Jina lililomfunga mikono ni mayu, yaani mama. Milembe alirithishwa jina la bibi yake, mama mzazi wa Mayige, na kwao hilo si jina la kupambia cheti cha ubatizo. Ukibeba jina la mtu umembeba na mwenyewe. Kwa hiyo baba yake hakumwita binti, wala mwanangu. Asubuhi akitoka nje, "Mwangaluka mayu." Akitaka maji ya kuoga, "Mayu, maji." Hata akimgombeza, "Mayu, lakini unanisikia?" Hebu jiweke wewe hapo. Mzee wa miaka arobaini na sita, mvi zimeshaanza, anakuita mama kila siku ya Mungu. Utamwambiaje hapana?

Na huyo bibi alikufa vibaya. Aliugua tumbo Mayige akiwa na miaka kumi na minne, akafa, na habari ya kifo chake ilikuwa inasimuliwa pale nyumbani kwa maneno yale yale kila mwaka: alikufa kwa kukosa daktari. Mayige akaapa kwamba mtoto wake atakayerithi jina la mama atakuwa daktari, basi. Alipozaliwa Milembe kiapo kikamsubiri mlangoni. Hakuna aliyemuuliza mtoto anaonaje.

Mtoto mwenyewe moyo wake ulishahamia kwingine, na baba ndiye aliyemtuma huko. Akiwa kidato cha kwanza, likizo, alitumwa apeleke plau iliyovunjika kwa fundi Anatoli, pale Dutwa senta. Anatoli alikuwa peke yake siku hiyo, akamwambia, "Shika hapa, usitikisike." Milembe akashika. Akaona vipande viwili vya chuma vilivyokuwa vimeachana vinarudi kuwa kitu kimoja, na alama ya kiungio akaipapasa kwa kidole ilipopoa. Alirudi nyumbani macho yamevimba kwa mwanga, hakulala vizuri kwa maumivu, na kesho yake akatafuta sababu ya kurudi. Kufikia kidato cha nne alikuwa anachomelea mikokoteni ya ng'ombe, anatengeneza pampu za kumwagilia, na Anatoli akipata kazi ya vipimo alikuwa anasema, "Ngojeni Milembe atoke shule." Baba alijua anakwenda pale. Aliona ni mchezo wa likizo, kama wengine wanavyocheza rede.

Sasa mwaka huu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Milembe alikuwa na daraja la pili. Baba alichinja majogoo mawili. Halafu wiki kadhaa baadaye, siku ya Jumatatu, akapanda baiskeli kwenda shuleni kuchukua karatasi ya matokeo kwa mkono wake mwenyewe, maana ya kwenye simu hakuiamini. Huko mwalimu wa taaluma akampa mkono na kumwambia, kwa nia njema kabisa, "Hongera mzee. Binti amechagua chuo cha ufundi, uhandisi wa mitambo. Kwa alama hizi nafasi anapata."

"Chuo cha nini?" Mayige akauliza.

Mwalimu akarudia. Kisha, alipoona sura ya mzee inabadilika, akaanza kueleza: mwanafunzi mwenyewe ndiye alijaza machaguo yake kwenye mtandao, na lazima aingie tena ayathibitishe, lakini anaruhusiwa kubadilisha, akitaka aweke PCB, ile tahasusi ya fizikia, kemia na baiolojia ya wanaokwenda kuwa madaktari. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Kinachotakiwa ni namba ya mtihani na neno la siri, na neno la siri analijua mwenye nalo peke yake. Hata mkuu wa shule hana.

Mayige aliendesha baiskeli kurudi nyumbani bila kusalimia mtu. Alimkuta Milembe anaosha masufuria nyuma ya jiko.

"Mayu," alisema, "nipe hilo neno."

Milembe alijua moja kwa moja neno gani. Mikono ikamtulia kwenye maji. "Baba, nilitaka kukwambia."

"Hukutaka. Miezi mingapi? Nipe neno."

"Sitoi, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumjibu hivyo, na wote wawili walishtuka. Mama yake, Eufrasia, aliyekuwa jikoni anasonga ugali, aliacha mwiko ndani ya sufuria. Baba aliangalia mbuzi, akaangalia paa la nyumba, akaondoka kwenda zizini.

Basi kuanzia hapo kijiji kizima kikawa na kazi moja. Jumanne asubuhi Milembe hajafika hata bombani, watu watatu wameshamuuliza kama ametoa neno. Kijana wa duka alimwambia asiwe mbishi. Mama wa kwaya alimwambia anamwombea. Jirani yao, bibi Scola, alimvuta pembeni kabisa, akainamisha kichwa, akanong'ona: "Nasikia una neno la siri. Amekupa mganga gani, mjukuu wangu? Hayo maneno ukiyashika vibaya yanapofusha." Milembe alimweleza kwamba ni neno la kufungulia fomu kwenye kompyuta. Bibi Scola alitikisa kichwa kwa huruma, akamwambia ndivyo wanavyosemaga wote.

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo alitamani kutupa ndoo. Watu wote hawa walikuwa wanaongea habari ya maisha yake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza huo ufundi ni nini, anaupendea nini. Aliyemuudhi zaidi ni mama yake. Jikoni Eufrasia alikuwa upande wake: "Najua mwanangu, kila mtu na mkono wake, hata mimi nakuona ukishika vyuma unavyong'aa." Wakiingia sebuleni mbele ya baba, mama huyo huyo anakunja kanga magotini na kusema, "Mpe tu baba yako, ni neno moja." Milembe alimwangalia akaona hana wa kumsemea katika nyumba ile.

Jumatano baba akaitisha kikao. Shangazi Ng'washi, dada yake mkubwa Mayige, alikuja kwa bodaboda kutoka Ngulyati, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Yeye naye hakuwahi kumwita Milembe kwa jina. Alipofika alipiga goti kidogo kwa utani, "Mwangaluka mayu wane, mama yangu, mbona umekonda?" Wakaingia ndani, wakakaa. Milembe akawekwa kwenye mkeka, na wakamjadili kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, yeye yuko hapo hapo anawasikia.

"Vyuma ni kazi ya wanaume walioshindwa shule," alisema baba. "Huyu hakushindwa."

"Na nani atamuoa, mikono yote makovu?" alisema shangazi.

"Tena moto ule unaharibu macho," alisema mama kwa sauti ndogo.

"Baba, naomba kusema," Milembe akasema.

"Utasema ukishatoa neno."

"Naomba kidogo tu."

"Mayu, kwenye kikao mtoto anasikiliza."

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwisha. Sijui kama alipanga; mimi naamini hakupanga. Alisimama kutoka mkekani, akajitanda ile kanga yake kichwani kama wanavyojitanda wazee, akaenda kukaa kwenye kigoda kilichokuwa kitupu karibu na mlango, akaweka mikono magotini.

"Sawa," alisema. "Kama mtoto haruhusiwi, atasema mayu. Mayige, ng'wanawane."

Ng'wanawane ni mwanangu. Shangazi Ng'washi alipasuka kicheko. "Labeka mayu!" akaitikia, anapiga makofi, maana bibi na wajukuu Usukumani ni watani, na mtoto mwenye jina la marehemu akiamua kucheza hivyo hakuna anayeweza kumnyamazisha.

"Mayige, mimi mama yako nimechoka. Kila siku mayu, mayu, na sisikilizwi hata siku moja. Umenifanya mama wa kutumwa maji. Mimi nilikuzaa, sikukuchagulia kulima pamba, ulichagua mwenyewe. Huyu binti mwache aende kwenye vyuma vyake. Umenisikia Mayige?"

"Ndiyo mayu," alisema baba.

Aliitikia haraka, na kwa sauti ambayo Milembe hakuwahi kuisikia, nyembamba, ya mtoto aliyeitwa na mama yake akiwa na kosa. Shangazi alikuwa bado anacheka. Kisha akaona uso wa mdogo wake, kicheko kikakatika. Mayige alisimama akapiga kigoda chake teke bila kukusudia, akatoka nje, na ugali wake ulipoa mezani hakurudi kuula.

"Umemfanya nini mdogo wangu?" shangazi akauliza.

Milembe alitaka kushinda hoja, na kwa dakika moja aliona ameshinda. Sasa aliona amevunja kitu asichokijua.

Alhamisi asubuhi baba alimgongea mlango na kumwambia abebe bomba la kupulizia dawa, pamba ina wadudu. Hakusema mwangaluka. Hakusema mayu. Wakaenda kimya mpaka shambani, wakaingia kwenye mistari, yeye mstari wake na binti mstari wake, wanapampu na kusogea. Walipofika katikati, ambapo mtu wa barabarani hawezi kuwasikia, Mayige akasimama.

"Bibi yako hakufa kwa kukosa daktari," alisema.

Milembe akaacha kupampu.

"Nilikuwa peke yangu. Baba amekwenda mnadani na ng'ombe, shangazi yako alishaolewa. Nikaazima baiskeli, nikampakia mama, nikasukuma mpaka zahanati. Nesi alikuwepo. Akamshika tumbo, akamuuliza, akaandika karatasi. Akanipa mkononi. Akasema, 'Nimempa rufaa, mwende sasa hivi.'" Akaangalia majani ya pamba. "Mimi Kiswahili nilikuwa nacho cha darasa la tatu, cha kuimbia mstarini. Rufaa sikuwahi kulisikia. Mimi nilisikia ruhusa."

Mtu yeyote aliyewahi kuuguza anajua raha ya neno ruhusa. Mgonjwa wako akipewa ruhusa amepona, fungasha vyombo mrudi nyumbani. Rufaa ni kinyume chake kabisa: hapa tumeshindwa, mkimbize hospitali kubwa. Hospitali kubwa ilikuwa Bariadi mjini, na kijana wa miaka kumi na minne akageuza baiskeli kuelekea nyumbani.

"Nilikuwa naimba njiani," Mayige akasema. "Mama ananiuliza, 'Mayige, mbona bado inauma?' Namwambia, 'Mayu, umepewa ruhusa.' Nikampikia uji. Kesho yake jioni akafa. Karatasi akaja kunisomea katekista, siku ya tatu, watu wako matangani. Aliisoma mara mbili. Akaikunja akanirudishia, hakumwambia mtu yeyote mpaka alipokufa na yeye. Sasa unajua wewe. Mama yako hajui. Shangazi yako hajui." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Jana umeniita kama alivyokuwa ananiita. Ndiyo maana nakuomba. Siamuru tena, nakuomba. Nenda kawe daktari."

Kwanza Milembe alisikia huruma. Alimwona kijana yule na baiskeli ya kuazima, anaimba, akatamani kumshika mkono. Halafu nyuma ya huruma zikaja hasira, tena kwa kishindo. Miaka kumi na minane hadithi ilikuwa nyingine. Miaka kumi na minane mzee huyu alikuwa na mdomo, na leo ndiyo anaufungua.

"Kwa nini umeniambia leo, baba? Kwa sababu kesho ni Ijumaa?"

Mayige hakuwa mwongo wa kukusudia. "Ndiyo," alisema.

"Basi nisikilize na mimi. Nesi alikuwepo. Alimpima, akaona, akaandika. Hapo hapakukosekana daktari. Nikienda kusoma miaka yote hiyo, baba, nitarudi kuandika karatasi ile ile."

Alisema kwa hasira, na maneno yalipokwisha kutoka alitamani kuyarudisha mdomoni yote. Baba alimkazia macho.

"Funga mdomo," alisema mwisho, taratibu.

Akainua mpini wa bomba akaendelea na mstari wake. Dawa ilimwishia kabla hajafika mwisho, Milembe aliisikia ikiisha, lakini mzee aliendelea kupampu na kusogea, anapulizia pamba upepo mtupu, mpaka akafika kwenye mpaka wa shamba na kukaa chini.

Je, Milembe alisema kweli? Alisema kweli. Alipaswa kuisema vile? Hilo alijiuliza mchana kutwa, na jioni akiwa anakamua ng'ombe, na bado hakupata jibu. Alijiona kama mtu aliyepakiwa bibi kizee kwenye keria ya baiskeli akaambiwa, haya, sasa sukuma wewe. Akibadilisha fomu, atakuwa daktari wa kosa la mtu mwingine. Asipobadilisha, atakuwa amejua siri ya baba yake na kumpita nayo. Kelele zote za kijiji hazikumyumbisha, na sasa aliyumba kwa ajili ya mtu mmoja aliyenyamaza. Alikasirika mpaka maziwa mengine yakamwagika nje ya ndoo.

Ijumaa, alipotoka na mkoba wake, alimkuta baba amesimama uani amevaa koti la Jumapili.

"Twende," alisema baba.

Hawakuongea njia nzima mpaka Bariadi mjini. Walifika saa saba wakazunguka kutafuta kompyuta, stationari ya kwanza umeme haukuwepo, ya pili mtandao unasuasua. Ya tatu ilikuwa ya dada mmoja aitwaye Joyness, na foleni ilikuwa imefika nje: wanafunzi na wazazi wao, kila mzazi anasema PCB, kila mtoto anaangalia viatu vyake. Milembe aliwahesabu wenzake wale mgongo kwa mgongo na kuona aibu bila kujua aibu ya nini. Zamu yao ilipofika ilikuwa imeshapita saa tisa na nusu.

"Namba ya mtihani," alisema Joyness bila kuinua macho. Milembe akamtajia. "Neno la siri andika mwenyewe. Mzee, samahani, geuka pembeni kidogo."

Mayige akageuka. Alisimama mbele ya ukuta, pua karibu na kalenda, kofia mkononi, kama mtu aliyeadhibiwa darasani. Milembe akaandika. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukafunguka, na machaguo yake yakatokea: chuo cha ufundi namba moja.

"Sasa unathibitisha au unabadilisha?" Joyness akauliza. "Fanyeni haraka, wenzenu wanangoja."

Kabla Milembe hajajibu, baba akasema, bado anaangalia ukuta, "Kuthibitisha ndiyo kufanyaje?"

"Ni kukonfemu, mzee."

"Hapana. Niambie kama unamwambia mtu asiyejua kitu."

Joyness akashusha pumzi. Nyuma yao mtu akasonya. Lakini kulikuwa na kitu katika sauti ya yule mzee, kwa sababu Joyness aliacha kipanya na kumgeukia. "Akibonyeza hapa, alichokichagua kinabaki hivyo hivyo. Kesho hakirudishwi, hata aje nani."

"Na kubadilisha?"

"Akibonyeza pale, chuo kinaondoka, inaingia PCB. Na yenyewe hairudishwi."

"Umesikia?" baba akamuuliza Milembe.

"Nimesikia, baba."

"Sikuulizi masikio. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

Milembe akarudia yote mawili, neno kwa neno, mbele ya watu. Baba akaitikia kwa kichwa, kalenda ikachezacheza kwa pumzi yake.

"Haya," alisema.

"Haya nini, baba? Nibonyeze kipi?"

"Nimekuuliza kama umeelewa. Umesema umeelewa."

"Sema kipi."

"Sisemi."

Hasira zilimpanda Milembe mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu huyu amesema tangu binti hajaota meno, amesema kigangoni na gulioni na msibani, amesema hadi usingizini, leo hii, saa hii, ndiyo ameamua kuwa bubu! Alikuwa tayari kulazimishwa akachukia, na alikuwa tayari kubarikiwa akashukuru. Hiki alichopewa hakukijua jina. "Baba, geuka basi uniangalie," alisema, na machozi yakamtoka, na alizichukia zile foleni zote za macho nyuma yake.

Mayige hakugeuka. Mgongo wake ndani ya lile koti ulikuwa umenyooka, na mikono ilikuwa inakunja kofia, inaikunjua, inaikunja tena.

"Dada, muda," alisema Joyness, safari hii kwa upole.

Milembe akajipangusa macho kwa mkono wake wenye makovu, akashika kipanya, akabonyeza. Alithibitisha. Alibonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka meza ikatikisika. Ukurasa ukazunguka kwa muda mrefu, hata aliyekuwa anasonya akasogea kuchungulia.

"Imekubali," alisema Joyness.

Hapo ndipo Mayige alipogeuka kutoka ukutani. Aliinama akaangalia ile kompyuta, jicho kwa jicho, kama anavyomwangalia dalali wa mnadani.

"Hiyo mashine ndiyo imekubali," alisema. "Mimi bado."

Akavaa kofia yake, akatoka nje kumsubiri.